Daraja Kwenye Gauni la Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Wewe mkubwa, acha kuegemea kizingiti kama mgeni anayengoja kukaribishwa, kaa hapa upande wa miguu, na wewe dada yake kaa huku kwenye mto. Najua mngependa kukaa mbali zaidi ya hapo, lakini kitanda ni kimoja na mimi niko katikati, mtavumilia. Daktari kasema nipumzike, nami nimemwambia nitapumzika sana tu, asiwe na haraka, kwanza niseme na wanangu.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, na hilo sitaki lijadiliwe. Hati iko kwa mwanasheria, nimeisoma mwenyewe neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Yeye alikuwa ananyoosha kidole anionyeshe pa kuweka dole gumba kama zamani, nikamwambia, bwana, nimengoja kusoma mpaka meno yameanguka, na wewe ngoja kidogo nifike mwisho wa ukurasa. Akangoja. Kuna neno moja nilimuuliza mara mbili na halikumfurahisha, lakini sasa najua nilichotia sahihi. Kamera nitazifikia.

Lililonifanya niwaite si nyumba, ni ile picha. Kwa ajili yake ninyi wawili hamjapeana salamu tangu siku ile tulipomkumbuka mama yenu, mnatumiana maneno kupitia kwangu, huyu "mwambie mwanao," huyu "mwambie binti yako," nimekuwa posta. Sasa posta inafungwa. Kwa hiyo leo nisikilizeni niwaeleze picha ile ilitoka wapi, maana mmeigombania bila kuijua, na mwenye kosa la kutowaambia ni mimi.

Kazi yangu mnaijua, ilikuwa kalenda. Kiwanda cha uchapaji kilinituma nipige milima, maporomoko, madaraja, stesheni za treni, na picha zangu zikatundikwa vinyozini na kwenye maduka ya dawa, watu wakazitazama mwaka mzima wakingoja zamu zao. Wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure, na mimi sikutembea bure, nililipwa. Nilipojifunza kusoma nilizitoa zile kalenda kuukuu nikazipitia kwa miwani, na kwa mara ya kwanza nikasoma vibao vilivyomo ndani ya picha zangu mwenyewe. Lile jengo zuri la ngazi pana, nililolipiga kwa heshima kubwa likawa picha ya Agosti, juu ya mlango wake imeandikwa kwa herufi ndogo, Choo cha Kulipia. Mama yenu alijua kusoma, na hakuniambia. Sasa ndiyo naelewa kwa nini mwaka ule kila alipofunua Agosti aliingia jikoni akicheka.

Siku zile filamu ilikuwa kitu cha kuogopwa. Tajiri wa kiwanda alitugawia kama mganga anayegawa dawa kali, picha thelathini na sita kwa mkanda, basi. Unasimama mbele ya mlima tangu alfajiri, unangoja wingu lisogee, kidole kiko kwenye kitufe na hubonyezi, na ukibonyeza hujui umepata nini mpaka urudi nyumbani na mkanda uoshwe. Vijana wa siku hizi nawasikia wanasifia filamu, eti ina utamu wake. Utamu upo, sikatai, rangi yake ya ngozi ya mtu sijaiona tena popote. Lakini msidanganywe na wanaosifia shida ambayo haikuwapata. Mimi nimewahi kurudi safari ya wiki nyingi nikakuta joto la lori limepika mikanda yote, milima imekuwa zambarau kama mabilinganya. Mkubwa wangu, uliponiletea kamera yako ya kidijitali nilisoma kile kitabu cha maelekezo kutoka jalada hadi jalada, jambo ambalo wewe mwenyewe hukulifanya, ndiyo maana nilikuonyesha kitufe ambacho ulikuwa hukijui. Chombo kizuri mno. Ukikosea unaona papo hapo, unafuta, unapiga tena. Ningekuwa nacho ningelala usingizi.

Ila ule ubahili wa filamu uliniingia mwilini, ukawa tabia. Nilijifunza kungoja mpaka kila kitu kikae sawa, na mlima unavumilia kungojwa, mtu je? Mama yenu aliniomba twende wote tangu wewe mkubwa hujaota meno. Alitaka aone tu, hakuwa na haja ya kununua kitu wala kutembelea mtu, alitaka akae dirishani aone nchi inapita. Nikamwambia safari ijayo. Kwanza mlikuwa wadogo, kisha mkaanza shule, kisha lori lilikuwa na nafasi moja tu kwa dereva na moja kwangu, kisha lazima mtu abaki na nyumba. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu ningekuwa nimemdanganya ningetubu nikamaliza.

Basi asubuhi moja, mkoba wangu uko mlangoni, akatoka chumbani amevaa lile gauni jeusi alilolishona kwa harusi ya dada yake. Akasema, "Baba watoto, leo kabla hujaondoka nipige na mimi. Nimechoka kuangalia maporomoko." Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Nilikuwa na mkanda wangu mwenyewe, si wa tajiri, nikasema nitampiga moja, mbili. Akaangalia dirishani, akageuka, akaniangalia, akataka kucheka akajizuia, na mimi siku hiyo sikuhesabu, nilibonyeza mpaka mkanda ukagoma. Sikuwahi kufanya hivyo kwa mlima wowote.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo lilipo kosa, kosa ambalo kamera ya siku hizi haiwezi kulifanya hata ikitaka. Mkanda ukishapigwa wote unauzungusha urudi ndani ya kikopo chake, mpaka ile ncha, tunaiita ulimi, imezwe kabisa. Ulimi ukiwa nje, mkanda ni mpya; ukiwa ndani, umetumika. Lakini fundi wetu wa kuosha picha, yule tuliyemwita Mzee wa Giza, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, kuvunja kikopo gizani kulimtesa, akaniomba nimwachie ulimi nje kidogo. Wenzangu waliandika kwa kalamu kwenye kikopo, kimetumika, wakaendelea. Mimi kalamu nilikuwa siijui, nikawa nakunja kona ya ulimi. Asubuhi ile dereva wa lori akapiga honi, akapiga tena, nikatia mkanda mfukoni nikambusu mama yenu nikakimbia, na kona sikuikunja.

Huko mbele, kwenye lile daraja refu la chuma na stesheni iliyo ng'ambo yake, nilitia mkono mfukoni nikatoa mkanda wenye ulimi nje, nikaupachika kwenye kamera, nikafanya kazi. Nilijitahidi sana siku hiyo, mwanga ulikuwa mzuri.

Niliporudi, Mzee wa Giza aliniita kabla hata sijashusha mkoba. Alikuwa na mkanda umening'inia unadondoka maji. Akasema, "Hukuniambia kama shemeji alisafiri." Nikamwambia hajasafiri. Akasema, "Basi sogea umwone yuko stesheni."

Nikamwona. Mkanda ule ule nilikuwa nimeupiga mara mbili, picha juu ya picha. Filamu, wanangu, mahali penye mwanga panajaa, hapapokei tena, lakini penye giza panabaki na nafasi. Uso wake ulikuwa kwenye mwanga wa dirisha, ukabaki. Gauni lake lilikuwa jeusi, na daraja lote likaingia humo, vyuma vyake vimepita kifuani, mto unashuka mapajani, na begani kuna abiria mmoja amebeba sanduku, anatembea kama vile bega la mke wangu ni jukwaa la treni. Picha za kalenda zimeharibika zote, na za mama yenu zimeharibika zote. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Nilimpelekea ile moja iliyotoka vizuri kuliko zote, nimeificha nyuma ya mgongo, nimejiandaa kugombezwa. Akaitazama. Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akaanza kuniuliza, huu mto unaitwaje, hawa watu wanakwenda wapi, hapa kuna upepo, nami namjibu, na kadiri ninavyojibu yeye kicheko kinapungua. Mwisho akasema, "Usinipige nyingine. Umeniambia safari ijayo mpaka nimeota mvi. Basi hii ndiyo yangu, nimefika." Nikadhani ni mzaha. Nami nikacheka, nikamwambia, subiri, safari ijayo nitakupeleka ulione kwa macho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Likaja goti lake, ukaja ule ugonjwa wa damu, kiwanda kikafungwa, lori likauzwa, na siku nilipokuwa na muda wote wa dunia yeye hakuweza kufika hata getini. Daraja lile hakuliona. Nalisema leo kwa mdomo wangu, hakuliona.

Nipe maji. Kidogo tu. Inatosha.

Mwanangu mkubwa, ulipoichukua picha ile ukaiweka kwenye kompyuta, ukalifuta daraja, ukamfuta yule abiria, ukalinyoosha gauni na ngozi pia, ulifanya kwa mapenzi, najua, uliniambia ulikesha. Uliitundika sebuleni ukategemea tulie. Nawe binti yangu ukaitoa ukutani mbele ya watu ukasema, "Huyu si mama, huyu ni mtangazaji wa televisheni." Naye akakujibu, "Kwa hiyo wewe unataka mama akanyagwe na abiria?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na hilo nalo ni katika yale ninayojutia, maana ningesimama pale nikaeleza haya ninayoyaeleza sasa, mngekuwa mnaongea. Nilinyamaza kwa aibu. Ili kueleza lile daraja ilikuwa lazima nieleze kwa nini yuko juu yake kwa picha tu.

Sasa hukumu yangu ni hii. Ile yenye daraja ndiyo itakayokaa ukutani, na hakuna mkono utakaoigusa. Binti yangu, usitabasamu, sijamaliza. Ile iliyosafishwa haichomwi wala haitupwi, utaichukua wewe, uitunze kwako, kwa sababu ni kazi ya kaka yako na aliifanya akiwa na uchungu. Na wewe mkubwa, ule mkanda wenyewe, negativu zote, ziko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda hiki, nakukabidhi wewe uliyetaka kuufuta mto. Uzitunze mbali na joto. Kila mmoja atakaa na ile aliyoikataa, na siku ukitaka kumwona mama yako upande wa pili, utabisha hodi kwa mwenzako. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru ni wengi, wengine ni jamaa zetu.

Kamera zangu uzeni. Msizipange kabatini zikawa sanamu, kamera isiyobonyezwa inaota ukungu kwenye lenzi. Fedha yake ni nauli. Nendeni mpaka kwenye lile daraja, ninyi wote, mkalione. Mkubwa wangu, wewe unayerudi kutoka safari na picha elfu nne ambazo hujawahi kuzitazama, chukua kamera yako, sikukatazi, ila kwanza simama pale katikati, shika chuma, uwaonyeshe wenzako kwa kidole. Mjue upepo wake. Mama yenu aliuliza kuhusu upepo nami nilimjibu ovyo.

Nawaombea... ngoja nivute pumzi. Nawaombea Mungu awape miaka, na ndani ya hiyo miaka awape na siku za kukaa pamoja, maana mtu anaweza kupewa moja asipewe jingine. Awape watoto watakaowaambia mnapokosea. Msinililie sana. Binti yangu, wewe ulinisomea kila jioni ule wakati nilipokuwa bado nashindwa herufi, Mungu akusomee mema. Mkubwa wangu, lete mkono. Baridi sana? Ni wangu huo, si wako.

Kuna moja limebaki. Sauti imekwisha, inama.

Mke wako yuko wapi? Amekuja tangu asubuhi, na sijamwona humu ndani. Yuko jikoni, sivyo? Yeye ndiye anayebaki na nyumba kila unapoondoka, nami nimekuwa nikimwona akikufungia mkoba, na nimekaa kimya, nikasema si yangu. Mwite. Aache hayo masufuria. Aje... akae hapa, kwenye kiti, karibu na dirisha. Mwambie kuna safari inapangwa. Siwezi kurudia yote, mtamweleza ninyi, lakini mwite sasa hivi, mwanangu, usimwambie baadaye.