Kiti cha Tatu

Ndugu waombolezaji, mlioketi na mliosimama kando ya ukuta, tulieni mbele za Bwana aliyetufinyanga sote, msikie, kwa maana mimi mdogo wake nimepewa kuyasoma maisha ya kaka yangu, wala sitayapamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa seremala na mshonaji, katika vyumba viwili vya nyuma ya karakana, akamaliza sekondari mwaka 1980, akahitimu uchoraji wa mitambo mwaka 1984, na tarehe 4 Februari 1985 akaajiriwa katika kiwanda cha magari, ambako wenzake walimbandika jina la Mzee wa Mstari, wakidai kwamba hata chai hanywi kabla hajakagua ukingo wa kikombe. Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, na baada ya machozi ya miaka mingi Bwana akawajalia binti mmoja, tarehe 22 Julai 1997.

Mwaka 2006 alikabidhiwa kazi aliyoiombea tangu ujana, kubuni gari la kifahari la mwendo wa kasi, linalotumia petroli na umeme, akaliumba kwanza kwa udongo, kwa ukubwa wake kamili, akilipapasa ubavuni huku amefumba macho, kwa sababu kiganja huhisi kibonyeo ambacho jicho hukisamehe. Viti vilikuwa viwili, na nyuma yake betri. Binti, akiwa na miaka tisa, aliletwa kulitazama, akalizunguka, akauliza, “Baba, mimi nakaa wapi?” Mafundi wakamtania kwamba atafungwa juu ya paa kama godoro, lakini baba yake hakucheka.

Hapo ndipo kaka yangu alipokosea, naye aliniagiza niliseme: badala ya kurudi nyumbani akae na mtoto, alikaa kiwandani miaka minne akimtafutia kiti, akaihamishia betri chini ya sakafu, akaubomoa udongo na kuujenga upya mara saba, hata tarehe 5 Novemba 2010 kiti kidogo cha tatu kikapata nafasi. Binti alipoitwa aje kukikalia, alijibu kwa adabu kwamba ana mtihani. Alikuwa amekwisha kuzoea kutomngoja.

Mwaka 2016 binti alikwenda kusoma mbali. Marehemu alianza kuugua figo Januari 2021, na kila tulipotaka kumwita binti alitukataza, akisema tusimsumbue, ana kazi, ilhali kiganja chake kilipapasa shuka kana kwamba kinamtafuta. Alifariki tarehe 18 Agosti 2022, saa nne asubuhi. Binti aliwasili kesho yake.

Mwanangu, uliye hapa mbele, alikupenda kwa mikono yake yote miwili, lakini siku zake akakipa kiwanda, na kwa hilo aliomba toba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia shemeji yangu, na mafundi waliolibeba jeneza. Kaka, Bwana akupumzishe.

Nanyi wazazi, msilie tu: kabla hatujamshusha kaburini, tokeni mmoja mmoja, mpigieni yule mnayesema mnahangaika kwa ajili yake, mwambieni leo mnafika nyumbani saa ngapi, kisha mfike.