Mama Pua na Maini ya Mwisho

Kwa heshima na taadhima, familia inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba utumbo mwembamba wa marehemu, ukishirikiana na utumbo mpana, ulivimba, ukawaka moto na kumshinda. Shemeji mmoja alishauri iandikwe "maradhi ya muda mfupi". Familia imekataa. Marehemu hakupenda kitu kifunikwe kabla hakijanuswa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Inasemekana alikataa titi la mama yake mpaka lilipooshwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akajiunga na chuo cha uuguzi. Alipokabidhiwa beseni la kwanza la mgonjwa, alichungulia ndani, akaliweka chini, akavua aproni na kwenda zake nyumbani bila kuaga.

Mwaka 1979 aliajiriwa kusimamia jiko la shule ya bweni, na huko ndiko alikobatizwa jina la Mama Pua. Hakuna sufuria iliyotoka bila kupita chini ya pua ile. Siku moja, mgeni rasmi akiwa ameshafika, alinusa maharage, akakunja uso kama aliyeonyeshwa soksi ya maiti, akayamwaga yote. Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Mama, wageni wamekaa mezani!"

"Waache wakae. Wakila haya watahamia chooni."

Aliolewa tarehe 5 Desemba 1981 na fundi bomba, mzibuaji wa vyoo vya watu. Bwana huyo alipokuja kuposa aliambiwa, "Oga kwanza, ndipo unipende." Ndoa nzima aliogeshwa uani kwa mpira wa maji kabla ya kuvuka kizingiti. Ila tangu alipougua mafua makali mwaka 2021, marehemu alianza kumsogezea mumewe sufuria: "Hebu baba, nawe nusa." Mzee wa watu akadhani sasa anapendwa.

Mwanzoni mwa Juni 2023, mume akiwa kazini mbali, marehemu alikula maini aliyoyanunua kwa mwenye bucha wa mtaani. Kesho yake tumbo likafunguka. Yalitoka maji ya kijani, yakaja makamasi, ikaja damu. Akalazwa hospitalini, na harufu yake ilimfanya mgonjwa wa kitanda cha pili aombe kuruhusiwa kabla hajapona. Wodi nzima iliziba pua. Marehemu peke yake hakukunja uso, na watu wakamsifu kwa ujasiri.

Kaka yake mkubwa, karani mstaafu wa mahakama, akatoa hukumu: mwenye bucha ni muuaji. Mtaa ukaitikia. Nyama ikabaki ikining'inia, nzi wakawa ndio wateja. Mwenye bucha alikwenda kumjulia hali mgonjwa, kaka akamzuia mlangoni.

Marehemu alifariki tarehe 17 Juni 2023. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na kaka huyohuyo. Mwenye bucha ni mmoja wa waliobeba jeneza leo. Anayeshangaa, sababu ni hii.

Asubuhi ile ya mwisho, kaka alisimama kando ya kitanda chake, akainua mkono mbele ya wodi nzima.

"Pua iliyolinda matumbo ya maelfu, ipumzike kwa amani! Na yule aliyeiua kwa maini yake mabovu, asipate amani kamwe!"

Marehemu alifumbua jicho moja.

"Kaka, hebu acha. Maini yalikuwa mazima. Umeme ulikatika, yakaozea frijini kwangu. Mimi sinusi kitu tangu yale mafua."