Mama Régine Kapya na Miti ya Upande wa Juu

Padri wetu, majirani wa avenue, nanyi mliotoka mbali hadi hapa Kasungami kulia pamoja nasi, familia imenituma niwaambie mama yetu Régine Kapya alikuwa nani, na nitasoma polepole, maana yeye mwenyewe hakuvumilia mtu anayemeza maneno.

Mama Régine alizaliwa Mitwaba tarehe 14 Machi 1957, binti wa mfanyakazi wa mgodi, akasoma shule ya msingi kwa masista huko huko, kisha mwaka 1971 akaletwa Lubumbashi kwa shangazi yake, akamaliza masomo ya ualimu mwaka 1976. Tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 2017 alifundisha darasa la kwanza, na wengi wenu mliokaa hapa aliwashika mkono mkijifunza kuandika, hata ninyi ambao mwandiko wenu bado ni balaa.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Baba Donat, fundi wa reli, Mungu akawapa Adrien, Séphora na Abigaël, na mwaka 1988 walipopata kiwanja hapa, kwenye mteremko wa nyasi tupu, mvua ikiwa inakula udongo mpaka mlangoni, wawili hao walipanda mijakaranda pande zote mbili za avenue, wakaimwagilia maji ya kisima kila kiangazi mpaka ikashika udongo. Baba Donat alitutoka mwaka 2009.

Msidhani kwamba mama alikuwa adui wa barabara. Januari 2019 Abigaël alishikwa na uchungu wa kuzaa, gari halikuweza kupita kwenye matope, akabebwa kwenda barabara kubwa, akafia njiani yeye na mtoto aliyekuwa tumboni, na tangu siku hiyo mama, ambaye ndiye alikuwa shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, hakuacha kubisha hodi maofisini kuomba barabara. Ilipokubaliwa mwaka 2023, pamoja na mabomba ya maji na nguzo za umeme, wajenzi walitaka kung'oa miti yote, naye akawajibu kwa Kiswahili chetu cha hapa kwamba njia ikuye, miti nayo ibakie, byote tunabitaka.

Enjenia wao Guelor, kijana mwenye masikio, alishinda naye mchana kutwa wakipima, wakapatana kwamba miti ya upande wa chini itaondoka ili barabara na mabomba yapite huko, ile ya upande wa juu, inayozuia maji ya mteremko, itabaki, na kila mti wa kubaki utapakwa ukanda wa rangi ya njano, katapila likate usio na ukanda. Mama alilia miti ya chini ilipoanguka, lakini alijua alichokipata.

Sasa, mnajua desturi yetu. Kila mwaka kabla ya Fête-Dieu, Ekaristi inapopitishwa kwa maandamano mtaani, tunafagia, tunatandaza maua, na tunapaka vigogo vya miti chokaa. Tarehe 1 Juni 2024 mama alitutoa sote nyumbani na brashi mkononi, yeye mbele, tukapaka mpaka vigogo vikawa vyeupe kama kitambaa cha altare, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba chini ya chokaa ile kulikuwa na njano. Maandamano yalipendeza mno. Siku chache baadaye, Guelor akiwa amehamishiwa kazi nyingine, dereva mgeni alitafuta ukanda, hakuuona, akafanya alivyoagizwa, na mama aliporudi kutoka sokoni alikuta mti wa mwisho uko chini.

Hakumlaumu dereva. Alikaa juu ya kisiki akirudia kwamba ni miye njo nilifunika ile alama, tukamwambia tulipaka sote, hakusikia.

Novemba mvua ikateremka bila kizuizi, ikachimba korongo katikati ya barabara ambayo haikuwa imemalizika, ikafukua mabomba na kuyavunja kabla hayajapitisha hata tone, wajenzi wakafunga vyombo vyao wakaondoka, na nguzo zimesimama hivyo hivyo bila waya. Tension, shinikizo la damu, ilimpanda mama, Februari 2025 akapooza upande wa kushoto, akabebwa juu ya kiti hadi barabara kubwa, akatibiwa, akarudi nyumbani. Alimwomba Adrien apande miche mipya, Adrien akaipanda, mbuzi wakaila. Tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi, hospitalini, alikata roho mikononi mwa Séphora.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, walimu wenzake, Padri aliyemletea Komunyo, nanyi majirani mliobeba kile kiti, hata wenye mbuzi. Mtuwie radhi kwa jua hili la Oktoba, turubai tuliyoipata imetosha wazee tu, na ninyi wengine mmekaa kilioni tangu juzi vichwa wazi, hapa hapa ambapo Baba Donat tulimlilia kivulini.

Mama Régine, pumzika, na amani ambayo sisi hatukuweza kukupa, Mungu akupe.