Saloni Niliyomnyima Mama

Sifa ni kwa Mungu aliye hai, ndugu zangu, aliyetuamsha tena Goma na pumzi ndani yetu! Mimi ni Mama Furaha, wa mtaa huu wa Mapendo. Wengine mnanifahamu kwa kwaya ya wamama, wengine kwa sababu niliwahi kuwafuata hadi mlangoni na katalogi ya sufuria. Leo sikuja na katalogi. Mchungaji amenipa dakika chache na kuniomba niseme kwa kifupi, lakini na yeye anaujua mdomo wangu.

Hata sasa ninapowatazama mmejipanga kwenye mabenchi, kichwa changu kinataka kuanza kazi. Huyu anaweza kununua. Huyu hapana. Yule mume wake anauza mafuta sokoni Birere, yule ndiye. Ndivyo nilivyokuwa. Ninaimba, machozi yananitoka, na macho yanachagua wateja. Hata kwenye matanga nilifanya hivyo: watu wanamlilia marehemu, mimi ninaangalia nani ana saloni kubwa, sebule ya kukalisha wageni wengi.

Nilizaliwa Masisi, kwenye milima ya ng'ombe. Vita vilipoingia kijijini kwetu mume wangu aliuawa, nami nikashuka Goma na binti yangu Furaha mgongoni. Mama yangu alikataa kushuka. Alisema ng'ombe waliobaki nani atawakamua. Nikafikia mtaa wa Majengo kwa binamu, nikafua nguo za watu, nikauza makala, makaa ya kupikia, kwa mafungu. Ndugu zangu, umaskini wa mji una aibu yake. Kule kwetu kila mtu anajua baba yako ni nani. Hapa wanakupima kwa kitenge ulichovaa.

Ndipo nilipokutana na Mama Jolie. Yeye alikuwa shefu, kiongozi wa wauzaji, katika kampuni moja ya kuuza sufuria nzito, zile zinazoivisha maharage kwa makala kidogo. Kampuni hiyo haina duka. Inatumia wanawake, inatuita washauri. Unamtafuta mama mwenye saloni nzuri, yeye anaalika rafiki zake, wewe unaingia na mbabula yako, jiko la makala, na sufuria, unapika mbele yao huku unaeleza. Maharage yakiiva upesi wanapiga makofi, wanaagiza. Mwenye nyumba anapewa zawadi, na wewe katika kila sufuria una sehemu yako, ndiyo komisyoni. Ukiuza sana unapanda cheo, unakuwa shefu wa kikundi, unapata kidogo pia juu ya mauzo ya wenzako.

Nilikuwa hodari, siwezi kudanganya mbele ya madhabahu. Nikahama Majengo, nikapanga hapa Mapendo nyumba ya chumba kimoja na saloni. Nikanunua fotei za kukalia wageni, kapeti na pazia la maua. Watu wakaanza kuniita Mama Furaha wa sufuria, na mimi jina hilo lilinipendeza sana.

Sasa sikilizeni mahali nilipoteleza. Sisi watu wa hapa hatumwachi mgeni akae saloni mikono mitupu. Ukimwita mtu, unampa sukre baridi, soda ya chupa, na akiaga unamshikisha pesa ya moto, ile pikipiki ya abiria, ya kumrudisha kwake. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini mimi ndiye nilikuwa na haja na watu, basi nikaanza kutoa mimi. Sukre kwa wote. Pesa ya moto kwa wanaotoka mbali, halafu wa karibu nao wakajifanya wa mbali. Maharage yangu, makala yangu, na unite za kuwapigia simu, zote zangu. Na kitenge kipya, kwa sababu Mama Jolie alikuwa akitukumbusha, "Mutu akikuona masikini, hataachia franga yake kwako."

Hayo yote sikuyaita matumizi. Niliyaita heshima. Komisyoni ikija mwisho wa mwezi ninaifurahia nzima, kana kwamba kreti zile za sukre zilijilipa zenyewe. Halafu katikati ya mwezi ninashangaa pesa imekwenda wapi, ninamkasirikia Furaha kwa sababu ya sabuni aliyoimaliza.

Kisha vita vikasogea tena. Watu wakashuka kutoka Masisi, wengi kuliko wakati wangu, na saloni za Goma zikajaa magodoro. Kila mama niliyempigia alinijibu kwamba kwake kuna wakimbizi, ataniweka wapi na mbabula yangu. Katika njia yetu ilibaki saloni moja tu iliyo wazi, nayo ni yangu. Nami nikaiita baraka! Nikaanza kualika kwangu kila Jumamosi.

Katika hao walioshuka alikuwemo mama yangu mzazi.

Ng'ombe walichukuliwa, nyumba ikachomwa. Alifikia kambini, magharibi ya mji, akapata kibanda cha turubai juu ya mawe meusi ya volkano. Nilikwenda siku ileile niliposikia, na unga, blanketi na sabuni. Nilimkuta amekonda, magoti yamevimba. Hakuniomba kitu. Mimi ndiye niliyeanza kujieleza bila kuulizwa.

"Mama, ungojee kidogo," nikamwambia. "Nikipanda cheo nitapanga nyumba kubwa, nitakuja kukuchukua."

"Sawa, mwanangu," akasema. "Kazi yako kwanza."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba sikuwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo. Fotei zimepangwa, kapeti limefagiliwa, sufuria zinang'aa kwenye rafu, na usiku hakuna mtu anayelala humo. Majirani wote wamelala wamebanana, mimi nimefunga mlango wa saloni kwa ufunguo. Niliogopa wageni wakute godoro. Niliogopa wamkute mwanamke mzee anakohoa, na ile harufu ya kambi, ya moshi na nguo zisizokauka. Na ubaya wake ni kwamba nilijiambia ninafanya yote kwa ajili yake.

Kila Jumamosi ikiisha ninasema, hii inayokuja itatosha. Haikutosha. Miguu yangu haikutulia. Asubuhi niko Birere, mchana niko Majengo, jioni niko na simu sikioni. Nikikaa chini kidogo kitu kinanichoma ndani, ninasimama, ninapangusa sufuria ambazo nilikwisha kuzipangusa. Mvua ikinyesha ndiyo mbaya zaidi, kwa maana ninajua inanyesha na kambini. Ninawasha redio nisiisikie. Nilifunga na kuomba, ndiyo. Lakini nilifunga kwa ajili ya cheo.

Ikafika Jumamosi ambayo sitaisahau. Tangu asubuhi milio ilisikika upande wa magharibi. Goma tumeizoea: mmoja anauliza iko wapi, mwingine anajibu iko mbali, mnaendelea na mazungumzo. Furaha nilikuwa nimempeleka kwa jirani, Mama Kavira, kama kila Jumamosi, ili asicheze katikati ya wageni. Wanawake wakaja, wakavua viatu mlangoni kwa sababu ya kapeti, wakakaa, wakapewa sukre. Mama Jolie alikuwa ameniambia nikiuza vizuri siku hiyo, cheo ni changu.

Katikati ya maelezo simu ikatetemeka. Nikaona jina la mwanamke aliyekaa kibanda kimoja na mama kambini, ambaye simu yake ndiyo mama alikuwa anaitumia. Mkono wangu mmoja uko juu ya kifuniko cha sufuria, macho ya watu yote yako kwangu. Nikaizima ile simu. Nikafungua kifuniko, mvuke ukapanda, wakapiga makofi.

Waliagiza sana siku ile. Niliwasindikiza wote, nikawashikisha wote pesa ya moto, hata wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Walipokwisha kwenda ndipo nikaipigia ile namba. Nilisikia pumzi ya mtu anayekimbia.

"Bombe ilianguka asubuhi ku kambi, upande wetu," akaniambia. "Kila mutu alikimbia njia yake. Mama yako mpaka sasa simuoni."

Nilitoka mbio na kitenge changu kipya, sikumpitia hata Furaha. Barabarani nikasimamisha moto, nikatia mkono kwenye mkoba. Hapakuwa na franga hata moja. Nilikuwa nimewagawia watu waliokwenda nyumbani kwao salama. Yule wa moto akanitazama, akaondoka.

Basi nikatembea. Watu wote wanakuja upande wa mji, na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto wamefungwa kwa kamba ya kiuno wasipotee, na mimi peke yangu ninakwenda kinyume chao. Kila mgongo uliopinda ninafikiri ni wake. Nilimshika bega mama mmoja, akageuka, si yeye. Nikamshika mwingine. Nilifika mahali wanajeshi wameziba njia, wakanirudisha kwa bunduki.

Pale pale kando ya njia nikapiga magoti kwenye mawe. Sikuomba cheo, ndugu zangu. Sikuomba sufuria ziuzwe. Nilisema, Mungu wangu, nipe mama yangu. Ukinipa, ile saloni ni yake, na fotei ni zake, na aibu yote niliyoiogopa niipate leo leo. Nililia bila kujali nani ananiona. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile kuomba bila kuwaza watu wanaonisikia.

Nilirudi jua linashuka, miguu imechubuka. Mama Kavira alikuwa amesimama njiani ananingoja.

"Ulipita wapi?" akaniuliza. "Mama yako iko kwangu tangu saa sita."

Nilimkuta katika jiko la nje la Mama Kavira, amekaa juu ya kopo lililopinduliwa, Furaha amemlalia mapajani. Bombe ilipoanguka alikuwa ameshika njia ya mji peke yake, na magoti yale, akiuliza kwa watu nyumba ya Mama Furaha wa sufuria. Walimfikisha mpaka mlangoni kwangu. Mpaka mlangoni! Nami niko ndani, ninamimina sukre.

"Mama, mbona haukuingia?" nikamuuliza.

"Niliona viatu mingi ku mulango," akasema. "Nikasema, mutoto yangu iko na wageni. Niko muchafu, nisimuharibishie kazi."

Furaha alikuwa ametaka kukimbia kuniita, mama akamzuia. Alikuwa amesikia makofi yale kutoka kwenye jiko la watu, akafurahi. Aliniambia hivyo, kwamba alifurahi kusikia wananipigia makofi. Ndugu zangu, nimefiwa na mume, nyumba ya kwetu imechomwa, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia mbele ya furaha ile ya mama yangu.

Nikamshika mkono, nikamwingiza. Akasimama kwenye kapeti, hataki kulikanyaga. Nikalikunja kapeti. Nikasogeza fotei ukutani, sufuria za kwenye rafu nikazitoa zote nikazitupa chumbani chini ya kitanda, nikashusha godoro langu, nikaliweka katikati ya saloni. Nikamwosha miguu. Akalala kabla sijamaliza kupika, nami nikakaa kando yake, na kile kilichokuwa kinanichoma ndani hakikuchoma. Nilikingojea. Hakikuja.

Mama Jolie alipiga simu Jumatatu kunipongeza. Nikamwambia Jumamosi ijayo hakuna saloni, mama yangu amelala humo. Akanikumbusha kwamba cheo kinashikwa kwa kuendelea, nikiacha kitakwenda kwa mwingine. Kikaenda. Ile wiki nilikaa na mwenzangu wa kwaya tukaondoa katika komisyoni yangu kila sukre, kila moto, kila unite na kila kitenge. Hakukubaki kitu cha kumpangia mama hata choo. Nyumba kubwa niliyomwahidi isingekuja kamwe, hata angekaa kambini hadi kufa.

Baadhi ya wageni walikuja Jumamosi ile bila kuitwa, kwa mazoea. Walimkuta mama kwenye godoro, mimi na kitenge kilichochujuka. Niliwaambia wazi: sukre hakuna, moto kila mtu ajilipie. Wawili waligeukia mlangoni wakaniteta mpaka barabarani. Mmoja alikaa, akamuuliza mama habari za Masisi, akaagiza sufuria ndogo. Mpaka leo ninauza hivyo, kwa wanaonikaribisha, kwa mguu wangu, na komisyoni ni ndogo lakini ninaiona kwenye unga na dawa za magoti.

Msidhani nimekuwa malaika. Kutotulia kule kunarudi, hasa mwisho wa mwezi. Kunaniamsha, kunaniambia wenzako wamepanda. Nami ninakuambia kule kutotulia, kwa jina la Yesu, kaa chini, na mara nyingine kunakaa, mara nyingine tunashindana mpaka asubuhi. Niombeeni.

Na wewe unayenisikiliza, labda hauna sufuria. Labda ni kiwanja unajenga, ni masomo, ni safari, na kuna mtu wako umemwambia angojee kidogo. Mtegemee Mungu hapo unapoogopa kuaibika. Yeye hakuningojea nipate nyumba kubwa ndipo anirehemu. Alinirehemu na chumba kimoja. Mfungulie mtu wako leo, Mungu atajua la kufanya na kesho.

Ninamaliza, mchungaji, nimekuona unatazama saa. Yuko pale, benchi la pili, mwenye kitambaa cha kijani. Mama, simama kidogo, kanisa likuone.

Anakataa. Anasema amekaa vizuri. Basi mwacheni akae, ndugu zangu, na utukufu wote umrudie Bwana.