Kheri Ajifunza Kusema Ilikuwa Taabu

Benchi letu liko Makambako, mbele ya duka la vipuri la Mansoor, mahali yanapopumzika malori ya Zambia. Mwaka ule wa 1995 magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakimiminika, na Kheri, fundi wetu, kesho yake alikuwa aende Njombe kusailiwa na Wajapani. Walitaka fundi mmoja akasomee injini kwao. Mwalimu wake wa lugha, Mjapani, alikwisha kumwonya: watauliza shida za kazi, na asiyezitaja ataachwa, maana hajui anachokwenda kujifunza. Halfan, dereva, hapa huitwa Tela. Filemoni, mpasua mbao, huitwa Msumeno. Mimi nawaita kwa majina yao.

— Kwa Kijapani kitu cha taabu ni tsurai, alisema Kheri. Taabu ikishapita, unatoa ile i ya mwisho, unaweka katta. Tsurakatta.

— Kumbe ni tela, alisema Halfan. Unafungua moja, unafunga jingine, kichwa kilekile.

— Na kama si taabu? aliuliza Filemoni.

— Tsurakunai.

— Refu hilo. Kwao kukosa taabu ni safari.

— Wewe Msumeno, alisema Halfan, wale ardhi yao inatikisika. Maneno yasipofungwa boliti yatadondoka.

— Ndiyo maana injini zao hazilalamiki. Malalamiko yote yamebaki kwenye lugha.

— Hata meli zao huja nyepesi. Wameshalia bandarini kwao.

Nikaona tunapoteza jioni.

— Kheri, nikasema, Juni iliyopita, ulipolala chini ya lori ukilitengeneza kule Kitulo, kwenye baridi kali, kazi ilikuwaje?

— Salama tu, mzee.

— Umeshaachwa, alisema Halfan.

— Sasa nifanyeje? Ukiulizwa habari unajibu salama. Hata msibani tunaanza na salama.

Yasmini, mke wa Kheri, alikuwa amefika na shati la kesho, limepigwa pasi. Alikuwa amesikia.

— Shemeji Halfan, na nyie wake zenu wakiwauliza, mnajibuje?

Filemoni alichungulia kikombe chake cha kahawa, kitupu.

Kheri aliweka kikombe chini, akamtazama mkewe.

— Tsurakatta.

— Ndiyo nini?

— Ilikuwa taabu. Vidole vilikufa ganzi, havikushika spana. Niliogopa vitakatwa.

Halfan akasogea, Yasmini akakaa.

— Pole, baba Lulu. Pole hii ninayo tangu Juni ile, sikuwa na pa kuiweka. Kesho waambie hivyohivyo.