Orpah Gesare na Mama Aliyeambiwa Asubiri

Habari za Jumapili mchana, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mpigapicha. Jina lake Orpah Gesare. Alizaliwa Marani, akafariki kwa ugonjwa wa figo akiwa na miaka arobaini na mitatu, na Alhamisi iliyopita tulimzika huko huko Marani. Orpah Gesare, mpigapicha wa harusi.

Na si harusi za turubai na viti vya kuazima kanisani. Orpah alipiga harusi za Nairobi, zile za hoteli kubwa, bibi harusi akibadilisha gauni mara tatu. Dada yake, Gladys, anasema: "Alikuwa anaingia na raba zake miguuni, hakuna mtu anamwona. Halafu ukiangalia picha unashangaa, huyu alikuwa amesimama wapi?"

Lakini Gladys alituomba kitu. "Msimsifu tu. Yeye mwenyewe alisema akifa, ile habari ya Keroka isemwe. Isemwe yote."

Basi tuiseme.

Ilikuwa Desemba, mwaka wa 2018. Bwana harusi alikuwa Jasper Machogu, mhandisi, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Keroka. Mama yake aliitwa Nyakerario, mjane aliyemsomesha kwa kuchuma majani chai. Mama Nyakerario alifika kwenye bustani ya hoteli huko Nairobi akiwa na rinda jipya la kitenge. Juu ya rinda alivaa sweta ya kijani, imetiwa viraka kwenye viwiko, kwa sababu kulikuwa na manyunyu na hakuwa na koti.

Wakati wa picha za familia, Jasper alimvuta Orpah kando. Akasema kwa sauti ya chini, "Mathe, mama yangu, asikae kwa hizi picha kubwa. Zitatundikwa kwa kina Ashley. Sisi tutapiga zetu nyumbani."

Ashley ndiye aliyekuwa bibi harusi. Yeye hakujua lolote.

Orpah angeweza kukataa. Hilo alilirudia kwa dada yake miaka yote: ningekataa, Gladys, ningekataa. Badala yake alimwendea Mama Nyakerario akamsalimu kwa Kigusii. Akamwita "baba", kama tunavyowaita mama zetu huku kwetu. Uso wa yule mama ukachangamka. Tangu asubuhi alikuwa akisemeshwa Kiingereza.

"Kumbe wewe ni wetu!" alisema. "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Marani, baba. Hebu kaa hapa chini ya mwavuli usilowe. Zamu yako ikifika nitakuita."

Mama akakaa. Akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili. Orpah akapanga wazazi wa Ashley, wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzake Jasper. Kila kundi lilipobadilishwa, mama aliinuka kidogo kitini. Orpah alimwonyesha kwa mkono: bado. Alikaa hivyo kwa muda wa karibu saa mbili nzima, wasikilizaji wapendwa. Karibu saa mbili, na hakumwita.

Orpah alipokuwa akifunga vifaa vyake, mama alimjia. Orpah alidhani anakuja kulalamika. "Nimeona ulivyohangaika," mama akamwambia. "Hata hujala. Usijali, itakuwa siku nyingine." Akatoa ndizi mbili mbivu kwenye mkoba akampa. Gladys anasema dada yake alishindwa kuzila, na akashindwa pia kuzitupa.

Miezi saba baadaye, Mama Nyakerario alifariki ghafla. Binti yake, Nyanchera, alimpigia Orpah simu. "Dada, tunatafuta picha ya mama ya siku ya harusi. Tunataka kuiweka juu ya jeneza. Kwenye albamu ya Jasper hayumo, lakini wewe hukosi zingine."

Orpah alifungua kompyuta. Picha elfu mbili na zaidi. Mama alikuwa katika moja tu. Mbele, Ashley anacheka. Nyuma, mbali, mama amekaa chini ya mwavuli, shingo ameinyoosha, anaitazama kamera. Yeyote angeiona angejua kwamba yule mtu ameambiwa asubiri.

Orpah akamjibu Nyanchera, "Pole sana. Kompyuta iliharibika. Zote zilipotea."

Mama Nyakerario akazikwa na picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso ukawa madoa.

Miaka minne ikapita. Mwaka wa 2023 Orpah, tayari mgonjwa, alirudi nyumbani Marani. Siku moja akasafiri peke yake hadi Keroka na ile picha kwenye bahasha. Alimkuta Nyanchera akitoka shambani. Akamwambia, "Ni mimi niliyemketisha mama yako. Nilijua sitamwita. Na kompyuta haikuharibika."

Nyanchera mwenyewe ametusimulia: "Nilimuuliza, nani alikutuma? Akasema hakuna, ni yeye tu. Nikamwambia atoke kwetu. Picha nikabaki nayo. Na yeye alikuwa mgonjwa, anaonekana ni mgonjwa. Aliomba maji. Sikumpa."

Gladys alimuuliza dada yake kwa nini hakulitaja jina la Jasper. Orpah akajibu, "Jasper alisema tu. Mimi ndiye nilimdanganya mama wa watu kwa lugha ya nyumbani."

Alhamisi iliyopita, Nyanchera alikuja Marani kwenye mazishi. Hakuja kulia. Anasema alitaka kuona kama Orpah atakuwa na picha nzuri juu ya jeneza. Jasper pia alikuwepo. Marafiki walipoitwa kusema neno, Jasper alichukua kipaza sauti.

"Dada yangu yuko hapa," alisema. "Nyanchera, mama kukosa kwenye picha, ni mimi. Gesare alibeba langu na lake. Nilimwonea mama yangu aibu kwa sababu ya sweta."

Nyanchera aliinuka. Hakumwangalia kaka yake. Alipita mbele ya watu wote mpaka alipoketi Gladys, akapiga magoti kwenye nyasi, akasema, "Mtu mgonjwa aliniomba maji, na nikamnyima."

Gladys akamshika mabega. Walikaa hivyo mpaka jeneza likateremshwa.

Tunatoa pole kwa Gladys na jamaa yote ya Marani. Tunatoa pole kwa Nyanchera. Na kwako Jasper, uliyekubali jina lako litajwe hewani, pole.

Wasikilizaji wapendwa, namalizia na hili. Kila mmoja wetu amewahi kumwonea mtu wake haya mbele za watu. Simuulizi yeyote ni nani. Nauliza tu kama bado yuko hai, na kama leo, kabla jua halijatua, unaweza kufika kwake.