Waya wa Shaba wa Mzee Eusebio

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, nawe binti yangu Teofista punguza kulia, sijafa bado. Nyumba ni yako, pamoja na nguruwe. Yule jogoo wa kupigana msimwuze, mchinjeni siku ya maziko, maana amenitia hasara kila Jumapili na sitaki abaki ananicheka.

Wewe Crispulo nakuachia mkanda wa kupandia nguzo na ule waya mnene wa shaba wa kufunga ardhini. Usikunje uso. Najua mnavyosema nyinyi vijana mafundi wa laini za umeme: "Mzee, umeme umezimwa kituoni, waya umekufa, kuufunga ardhini kwa nini?" Mwanangu, hapa kisiwani waya haufi maadamu Florencio, baba yako wa ubatizo, ana jenereta na ana wimbo moyoni. Umeme ukikatika siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, huichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, akashika kipaza sauti, na umeme wake unarudi kinyumenyume hadi kwenye transfoma, ukitoka huko una nguvu za kuua nyati. Mwaka mmoja alipofanya hivyo, mimi nilikuwa juu ya nguzo. Waya huu ndio ulioupeleka umeme ardhini, jenereta ikakohoa, ikazimika, na Florencio akatoka na tumbo lake kunifokea, "Eusebio, umenikatia wimbo!" Ameninunia mpaka leo. Aliyetaka kuniua ndiye aliyenuna, jamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na juu ya nguzo guu ni dogo, hutoka roho.

Feni imesimama, au ni mimi? Umeme umekatika? Afadhali. Na hiyo simu ni ya kazini, wanakuita. Mnamsikia Florencio hapo jirani? Keshawasha jenereta, anaimba, hata kufa hanipi nafasi.

Nenda, Crispulo. Naogopa, mwanangu, sikufichi. Funga ardhini kwanza, ndipo kwenye waya wa laini, pande zote mbili za unapofanyia kazi. Ukifungua, ardhi iwe ya mwisho. Mungu awalinde, wewe na dada yako, awape... ngoja nivute pumzi... awape uzee mrefu kuliko wangu. Padri amekwisha nipaka mafuta, safari iko tayari, lakini siondoki mpaka urudi uniambie umefunga. Basi fanya haraka.

La. Usifanye haraka.